Mgeni na Mwenyeji: Juu ya Kujifunza Kihispania katika Kidato cha Tano na cha Sita

Utangulizi

Mtoto anayezaliwa Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, huvuka mipaka miwili ya lugha kabla hajafikia umri wa kuoa au kuolewa. Nyumbani, penye uwele na mtama, husema Cigogo. Shuleni hukutana na Kiswahili, ambacho hapo kitambo si kirefu hugeuka kuwa chake kama kilivyo cha Watanzania wote. Akifika sekondari hukuta Kiingereza kimekaa mlangoni kama bawabu, na hapana somo la fizikia atakalolipata pasipo kumpigia hodi bawabu huyo. Sasa yu vijana wanaouliza kama haingekuwa vema kuongeza lugha ya nne, yaani Kihispania, na kuisoma kwa kina katika kidato cha tano na cha sita, kama vile Kifaransa na Kiarabu vinavyosomwa.

Makala haya yanakusudia kulipima swali hilo kwa mizani ya utamaduni wa taifa. Hatutauliza tu kama Kihispania kina faida. Lugha yoyote ina faida kwa aijuaye. Tutauliza mwanafunzi wa Hombolo aiendee lugha hiyo kwa njia gani, na arudi na nini mkononi. Katika kulijibu swali hili tutawahakiki waandishi wawili ambao kwa kawaida hawatajwi pamoja: mmoja ni Mgogo wa Ihumwa aliyejifunza Kiswahili, na mwingine ni mwana wa Argentina aliyeshindwa kukijifunza.

Kihispania katika historia yetu

Wako watakaosema kwamba Kihispania ni lugha ya mbali isiyotuhusu. Kauli hiyo haina ukweli. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 baadhi ya vijana wa Zanzibar walikwenda Kuba kujifunza. Fidel Castro alifika Tanzania Machi 1977. Katika miaka hiyo ya 1970 shule za sekondari za Ruvu, Kibiti na Ifakara zilijengwa kwa msaada wa Wakuba, na madaktari wa Kuba wamewatibu wananchi wetu, Bara na Visiwani. Watanzania nao wamekwenda Kuba kusomea utabibu, na ilibidi kwanza wajifunze Kihispania ndipo wafungue vitabu vya tiba.

Tena, Kihispania ni lugha rasmi ya nchi zipatazo 20, nayo ni miongoni mwa lugha 6 za Umoja wa Mataifa. Ni lugha ya nchi moja ya Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake tarehe 12 Oktoba 1968, na kwa hiyo imo katika lugha za Umoja wa Afrika. Humo ndimo Kiswahili nacho kilimopokelewa kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Novemba 2024 kongamano la kimataifa la Kiswahili lilifanyika Havana. Basi lugha hizi mbili zimekwisha kukutana. Kilichobaki ni kuangalia zinakutana vipi.

Tatu na kosa lake

Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alipita Dar es Salaam, akavuka Ziwa Tanganyika, akaingia mashariki ya Kongo pamoja na Wakuba waliokwenda kuwasaidia wapiganaji wa huko. Ili wafiche majina yao, walichukua hesabu za Kiswahili. Aliyeongoza kwa jina aliitwa Moja, wa pili akaitwa Mbili, na Guevara mwenyewe akaitwa Tatu. Kijana mmoja wa Kikongo, Freddy Ilanga, aliwekwa kuwa mkalimani na mwalimu wake wa Kiswahili. Baadaye kijana huyo alipelekwa Kuba, akaishi huko miongo mingi, akawa daktari.

Vita vile havikufaulu. Kabla ya mwaka ule kwisha Guevara alirudi Dar es Salaam, na humo humo mjini, katika ubalozi wa Kuba, akaandika kitabu juu ya mambo yaliyomfika. Kitabu hicho kilikaa miaka mingi bila kuchapishwa kwa ukamilifu. Kwa hiyo miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa katika mji wetu kimo kimoja cha Kihispania ambacho kila ukurasa wake umejaa majina ya Kiswahili, nasi twakijua kidogo sana.

Mhakiki anayekisoma kitabu hicho hawezi kukisifu kwa urembo, wala mwandishi hakutafuta urembo. Thamani yake iko katika ukali wa mwandishi dhidi ya nafsi yake. Katika sehemu ya mwisho anajihukumu, na miongoni mwa makosa anayojitia ni kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala kwa bidii ya kutosha. Anaitaja na sababu: alikuwa anajua Kifaransa. Kwa Kifaransa aliweza kusema na wakubwa, na kwa ajili hiyo hiyo akawa mbali na askari wa kawaida.

Ndugu msomaji, hapa pana fundisho linalozidi habari za vita. Mtu huyu hakukosa lugha. Alikuwa na lugha moja ya ziada, na lugha ile ikamwekea raha ya uongo. Ilimfungulia mlango wa sebule, akadhani amekwisha kuijua nyumba. Lugha ya katikati, ile inayowaunganisha wasomi wa huku na wasomi wa huko, yaweza kuwa daraja, lakini yaweza kuwa pazia vilevile. Nasi hatuna budi kujiuliza: mwanafunzi wetu atakapofundishwa Kihispania kwa vitabu vya Kiingereza, na mwalimu anayeeleza sarufi kwa Kiingereza, je, hatutakuwa tumemshonea pazia lile lile?

Njia fupi na njia ya kuzunguka

Tulitazame jambo hili katika lugha zenyewe. Mswahili anayekutana na Kihispania hukuta irabu tano, a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu kama zake. Hukuta maandishi yanayokaribiana sana na matamshi. Hukuta kwamba sifa aghalabu hufuata jina: *casa blanca* ni nyumba nyeupe, nyumba ikitangulia na weupe ukifuata. Hukuta kwamba sifa hulitii jina kwa kubadili umbo lake, jambo ambalo kwa msemaji wa Kiswahili au Cigogo, aliyezoea ngeli tangu utotoni, si la ajabu hata kidogo. Hukuta kwamba kitenzi hubeba nafsi ndani yake: *canto* ni naimba, neno moja kwa neno moja. Na hukuta vitenzi viwili vya kuwa, vinavyowatesa sana wanaotoka katika Kiingereza. Lakini mtoto wa Hombolo tangu zamani husema “mwalimu ni Mgogo” na “mwalimu yuko shambani”, wala hachanganyi *ni* na *yuko*. Mipaka ya Kihispania si ile ile kila mahali, bali wazo la kutenganisha analo tayari.

Mwanafunzi huyo akipitishwa katika Kiingereza, huondolewa vitu hivi kimoja kimoja, kisha hurudishiwa kwa shida kama vitu vigeni. Huambiwa kwamba sifa “imegeuzwa” nyuma ya jina, na hali kwake haikugeuzwa. Huambiwa kwamba nafsi “imeachwa”, na hali iko ndani ya kitenzi kama ilivyo katika Kiswahili. Huo ni mwendo wa mtu anayetoka Hombolo kwenda Ihumwa kwa kupitia Mombasa.

Aidha, lugha hizi mbili zina mjomba mmoja. Waislamu waliingia rasi ya Hispania mwaka 711, na ufalme wao wa mwisho, wa Granada, ulianguka 1492. Katika karne hizo Kiarabu kiliingia katika Kihispania kwa wingi, kama kilivyoingia katika Kiswahili kwa njia ya bahari. Sukari kwa Kihispania ni *azúcar*. Zeituni ni *aceituna*. Mtu fulani ni *fulano*. Neno letu “hata” ndilo lile lile *hasta* lao, lenye maana ya mpaka. Meya wao huitwa *alcalde*, na asili yake ni kadhi. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kuyatandika maneno haya mbele ya darasa siku ya kwanza, na darasa likafahamu kwamba limekuja kumtembelea jamaa.

Lakini tusipumbazwe na kufanana. Wakati wa vitenzi, hasa namna ile inayotumiwa kwa mambo yanayotakiwa, yanayoshukiwa au yasiyo na hakika, ni mgumu na wahitaji mazoezi ya miaka. Jinsia mbili za majina hazifuati mantiki ya ngeli zetu. Kusoma kwa kina maana yake ni kuingia katika ugumu huo, wala si kukariri salamu za kuwapokea watalii.

Mgogo aliyekuwa mgeni wa Kiswahili

Kama Tatu ni mfano wa mgeni asiyeingia ndani, tunaye hapa Ugogo mfano wa mgeni aliyeingia hadi jikoni. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, akafariki 1969. Cigogo kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Kiswahili alijifunza, na alikijifunza hata akawa miongoni mwa washairi wakubwa wa taifa na kiongozi katika chama cha UKUTA. Tunapowatafutia wanafunzi wetu kielelezo cha kujifunza lugha kwa kina, hatuna haja ya kwenda ng'ambo.

Kazi zake zaonyesha hatua tatu za mwanafunzi aliyekomaa. Kwanza alitumia lugha aliyojifunza kuwaeleza watu wake: *Historia, Mila na Desturi za Wagogo* ilitoka mwaka 1954. Pili, alichukua umbo la kale la pwani akalitia maudhui yake. Utenzi ulikulia katika mazingira ya Kiislamu, lakini yeye, Mkristo wa bara, alitunga *Utenzi wa Enjili Takatifu* (1963) na *Utenzi wa Zaburi* (1965) bila kuvunja mizani wala vina. Tatu, aliongeza kitu kipya. Ngonjera, ushairi wa kujibizana unaochezwa jukwaani, hutajwa kwa jina lake, na wengi husema kwamba neno lenyewe limetoka katika Cigogo. *Ngonjera za UKUTA* zilianza kutoka 1970, yeye akiwa ameshaaga dunia, na kwa miaka mingi hapakuwa na sherehe ya shule isiyokuwa na ngonjera. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Kiswahili kilimpokea Mgogo, na Mgogo akakipa zawadi.

Uhakiki wa haki hauishii katika sifa. Mnyampala ana kasoro, na kasoro zake zatufaa kama ubora wake. Ya kwanza ni kwamba msamiati wake mara nyingi ni mzito wa Kiarabu na wa maneno ya kale, kana kwamba anataka kuwathibitishia watu wa pwani kwamba hapungukiwi na kitu. Hiyo ndiyo homa ya aliyejifunza: kutaka kuwa mwenyeji kuliko wenyeji. Matokeo yake ni kwamba mlimaji wa Hombolo, ambaye angestahili kuwa msomaji wake wa kwanza, huhitaji kamusi. Ya pili iko katika ngonjera. Asiyejua husema, ajuaye humjibu, na mwisho asiyejua hukubali. Mshindi hujulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Mabishano ambayo upande mmoja umekatazwa kushinda hayafundishi kufikiri, hufundisha kuitikia. Baadhi ya madarasa yetu ya fasihi yamerithi tabia hiyo: mwanafunzi hukariri dhamira alizopewa, huziandika katika mtihani, hupata alama, na kitabu chenyewe hakimgusi.

Basi Kihispania kikiingizwa katika kidato cha tano kwa mtindo huo, tutakuwa tumeongeza ngonjera ya nne juu ya tatu tulizo nazo.

Wasome nini?

Kusoma lugha kwa kina bila fasihi yake ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kengele. Lakini fasihi ya Kihispania ni pana, na uchaguzi wa vitabu ni jambo la siasa ya utamaduni.

Mwanzo wafaa uwe karibu nasi. Nicolás Guillén wa Kuba alitoa *Motivos de son* mwaka 1930, akachukua usemi wa Waafrika wa Havana na mapigo ya muziki wao wa *son*, akavitia katika ushairi wa lugha ambayo wasomi waliidhania kuwa ya Ulaya tupu. Kijana aliyekulia katika ngoma ya muheme, anayejua jinsi sauti za wanawake na ngoma zinavyoshikana, atamwelewa Guillén kwa masikio kabla ya kumwelewa kwa sarufi. Kutoka hapo na asome Donato Ndongo wa Guinea ya Ikweta, ambaye riwaya yake ya 1987, *Las tinieblas de tu memoria negra*, yamhusu mtoto wa Kiafrika aliyekatwa kati ya ukoo wake na shule ya wakoloni. Mkato huo twaujua.

Kisha aende kwa wakubwa wa zamani. *Don Quijote* ya Cervantes ilitoka kwa sehemu mbili, 1605 na 1615, nayo ni habari ya mtu aliyesoma vitabu vibaya kwa imani nzuri mpaka akavifanya kuwa dunia. Hapana kitabu kinachofaa zaidi kwa nchi yenye mitihani mingi. *Fuenteovejuna* ya Lope de Vega ni tamthilia ya kijiji kilichomuua bwana wake mdhalimu, na wanakijiji walipoteswa ili wamtaje muuaji wakajibu wote kwa jina la kijiji. Ikiwekwa karibu na *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969), wanafunzi watakuwa na swali la kweli la kujadili: umoja wa wanyonge hujengwa na nini, na huvunjwa na nini? Swali hilo halina jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu.

Na wanaopenda ushairi waipime *romance* ya Kihispania kwa kipimo cha utenzi. Mstari wa *romance* una silabi 8, na kipande cha utenzi kina mizani 8. Katika *romance* mwisho wa mistari ya shufwa hufuata mlio mmoja shairi zima. Katika utenzi kina cha mwisho cha kila ubeti hurudi kile kile tangu mwanzo hata tamati. Hatusemi kwamba moja limezaliwa na jingine, kwani kufanana si udugu. Tunasema tu kwamba mwanafunzi aliyemsoma Mnyampala vizuri atakapofungua *Romancero gitano* ya García Lorca (1928) atakuwa na sikio lililokwisha kufunzwa, na sikio hilo amelipata hapa nyumbani.

Hoja ya wapinzani

Wako wenye hoja nzito dhidi ya wazo hili. Husema: shule zina upungufu wa walimu wa hisabati, nanyi mwataka walimu wa Kihispania? Husema tena: Kiswahili chenyewe hakijapewa nafasi yake katika sekondari, Cigogo hakisomwi kabisa, nanyi mwaleta mgeni mwingine akalie kigoda? Mwacha asili ni mtumwa.

Hoja ya kwanza ni ya bajeti, nayo ni ya kweli. Kihispania hakiwezi kuanza katika kila shule, wala hakilazimiki. Hoja ya pili ndiyo ya utamaduni, na jibu lake ni kwamba mgeni hatunyang'anyi kigoda ikiwa sisi ndio tunaompangia mahali pa kukaa. Mwalimu Nyerere alipotafsiri *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, hakuwa mtumwa wa Shakespeare. Neno “mabepari” peke yake ni uhakiki: mfasiri amesoma, amepima, amehukumu, na hukumu ameitoa kwa Kiswahili. Huko ndiko kusoma kwa kina. Kinachotutia utumwani ni kuisoma lugha ya kigeni kisha tubaki huko, tukisemezana na wasomi wa nchi nyingine huku jirani wa kisimani hapati neno.

Kwa hiyo twaweka masharti. Kihispania kifundishwe kwa Kiswahili, na vitabu vya sarufi vitungwe kwa kulinganisha lugha hizo mbili ana kwa ana. Mtihani wa kidato cha sita udai tafsiri ya kazi nzima fupi, shairi au hadithi, kwenda katika Kiswahili kinachoweza kusomwa na mtu asiyejua neno la Kihispania. Kipimo cha tafsiri hiyo kisiwe mtahini peke yake. Isomwe kwa sauti mbele ya watu. Na mwanafunzi mwenye lugha ya nyumbani aruhusiwe kuonyesha jinsi neno gumu linavyopatikana katika lugha hiyo pale Kiswahili kinapopungukiwa, kama vile ngonjera ilivyopatikana.

Hitimisho

Tumewatazama wageni wawili. Mmoja alikuwa na ushujaa mwingi na lugha ya katikati, na akakiri mwenyewe kwamba lugha ile ilimtenga na watu aliokwenda kuwasaidia. Mwingine alikuwa karani na mwalimu wa Ugogo, akajifunza lugha ya wenziwe kwa miaka mingi, akakosea kama wanafunzi wakosavyo, na hatimaye akaitajirisha.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Maji yake hayakuzaliwa pale. Hutoka mbali kwa mito ya msimu, huzuiwa, ndipo hufaa bustani na mifugo. Bila ukuta wa kuyazuia yangepita tu na kuacha mchanga. Lugha za kigeni zimepita katika shule zetu kwa vizazi kadhaa, na ni haki kuuliza zimeacha maji kiasi gani na mchanga kiasi gani. Kihispania kikija, na kije. Lakini ukuta uwe umejengwa kwanza, nao ni Kiswahili.